Ayany na Hesabu ya Kweli

Anayetaka kujua Nairobi ni mji wa watu wa rika gani, ateremke mtaa wa Ayany saa kumi na mbili asubuhi na kusimama kando ya Kibera Drive. Watu humiminika kutoka ng'ambo ya barabara, kwenye vichochoro vya Kianda na Soweto, vijiji vya mtaa wa mabanda wa Kibera, wakielekea Barabara ya Ngong kwa miguu. Wamo mafundi wa mjengo wenye ovaroli ndani ya mkoba wa mgongoni, akina dada wanaokwenda kufua na kulea watoto wa watu Kilimani na Lavington, wachuuzi wanaowahi kufunguliwa kwa marobota ya mitumba katika soko la Toi, na mabawabu wanaopishana nao wakirudi kulala baada ya zamu ya usiku. Nilisimama pale hadi jua likapanda, na katika umati wote ulionipita wenye mvi walikuwa wachache mno. Wengi walikuwa na miaka 20 hadi 35. Walitembea upesi, Kiswahili, Kijaluo, Kiluhya, Kikamba na Sheng' vikisikika katika kundi moja, na kelele zao zikanifanya niupende mtaa huu hata kabla sijanywa chai.

Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Wakenya 75 katika kila 100 wako chini ya miaka 35, na kwamba waliofikisha miaka 65 hawafiki hata 4 katika 100. Kule Ufini, waliovuka umri huo ni zaidi ya 20 katika kila 100. Takwimu hizo nilizijua kwa muda mrefu, lakini nilizielewa Ayany, pale barabarani, nilipotakiwa kusogea ili vijana wapite.

Kufika ni rahisi. Matatu ya namba 8 kutoka katikati ya jiji hupanda Barabara ya Ngong, ikaingia Joseph Kang'ethe, ikapita kando ya soko la Toi, ikateremka Makina, kisha ikafuata Kibera Drive hadi Olympic na Ayany. Upande mmoja ni nyumba za mawe, upande wa pili ni mabati. Ayany ni mojawapo ya mitaa iliyojengwa hapa na Shirika la Kitaifa la Nyumba, pamoja na Olympic, Karanja, Salama na Fort Jesus. Kila nyumba ilikusudiwa familia moja: vyumba vichache, ua mdogo, lango la chuma. Leo nyingi zimeongezwa ghorofa. Mwenye nyumba anakaa chini, na juu yake wamo wapangaji wanaopanda kwa ngazi ya chuma iliyofungwa ukutani kwa nje. Kwenye ngazi moja niliona ndoo zimepangwa, moja kila kidato, kila moja na jina la mwenyewe limeandikwa kwa rangi ya kucha. Maji yalikuwa yanatarajiwa mchana, na kila mtu alikuwa ameshashika nafasi yake kwenye foleni bila kuwepo.

Ukikaa hapa siku kadhaa unaona jinsi barabara hiyo inavyovukwa. Aliyepata kazi ya mwezi anahama kutoka Kianda kuja Ayany, apate choo cha ndani na mlango wa mbao. Aliyeachishwa kazi anarudi ng'ambo mwisho wa mwezi, vitanda na masufuria juu ya mkokoteni, na jioni bado ananunua sukumawiki kwa mama yule yule. Watoto wa pande zote mbili wanakutana Shule ya Msingi ya Ayany na ile ya Olympic, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilisifika nchi nzima kwa matokeo ya mtihani wa darasa la nane, mpaka elimu ya bure ilipoanza Januari 2003 na madarasa yakafurika. Walimu wanaojua kisa hicho wanakisimulia kwa fahari, na sioni kwa nini wasifanye hivyo. Watoto waliofurika madarasani mwaka ule ndio sehemu kubwa ya wale ninaowaona wakipita asubuhi.

Kabla ya shule na nyumba za mawe palikuwa na msitu na askari. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliwaweka hapa askari wake Wanubi na jamaa zao, watu ambao asili yao ni Sudan na waliotumikia kikosi cha King's African Rifles. Mwaka 1918 eneo hilo likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, ekari 4,197. Juni 2017 wazao wao walikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288. Kati ya tarakimu hizo mbili umo ukuaji wote wa Nairobi upande huu: mitaa ya serikali na maduka, na maelfu kwa maelfu ya wapangaji waliokuja kutafuta kazi na kukuta kwamba chumba cha bei wanayoiweza kiko Kibera. Makina bado ndiyo nyumbani kwa Wanubi. Adhana inasikika hadi Olympic, na akina mama wa pale wana mkono wao wa pekee katika kusuka sinia za ukindu za rangi. Tutarudi kwao.

Kwa miaka mingi Kibera ilipewa sifa isiyokuwa yake. Iliandikwa kwamba wanaishi humu watu laki saba, milioni moja, wengine wakasema zaidi, na kwamba ndio mtaa wa mabanda mkubwa kuliko yote barani Afrika. Wageni waliletwa kwa mabasi waje kuuona ukubwa huo. Kisha ikaja sensa ya usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2009, na matokeo yalipotolewa mwaka uliofuata, Kibera ikawa na watu 170,070.

Mshtuko ulikuwa mkubwa. Kuna walioudhika kana kwamba wamenyang'anywa kitu. Yako mambo ya haki ya kusema juu ya sensa hiyo: katika mtaa ambao bawabu analala mchana na fundi anahama kila kazi inapokwisha, si kila mtu anakutwa nyumbani, na mpangaji asiyemjua anayebisha hodi usiku hamfungulii upesi. Lakini wengine pia walihesabu. Katika miaka hiyo hiyo vijana wa hapa walipewa mafunzo na kupita nyumba kwa nyumba Kianda, hapo ng'ambo ya Ayany, wakihesabu watu, majengo, vyoo na mitaro. Waliandikisha zaidi ya watu 15,000 na majengo 5,000, na kutokana na hesabu hiyo mradi wao ukakadiria Kibera nzima kuwa na watu kati ya 235,000 na 270,000. Sensa ya 2019 ilipata watu 185,777 katika kaunti ndogo yote ya Kibra, pamoja na Ayany yenyewe, Woodley na viwanja vya gofu. Hakuna aliyebisha hodi mlango hadi mlango akapata milioni.

Milioni ilikuwa na watumiaji wake. Ilipendeza kwenye maombi ya ufadhili, ilipendeza kwenye mikutano ya siasa, na ilipendeza kwa mwandishi wa mbali aliyetaka sentensi ya kwanza yenye kishindo. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu naupenda mtaa huu. Ukiambiwa watu ni milioni moja, unakata tamaa kabla ya kuanza. Huulizi kichochoro hiki kina kaya ngapi, choo hiki kinatumiwa na wangapi, mwaka huu katika kijiji cha Gatwekera kutazaliwa watoto wangapi. Ukiambiwa, kama sensa ya 2019 ilivyopata, kwamba kaya za Kibra yote ni 61,690, unaweza kuanza kupiga hesabu ya mabomba.

Mshtuko huu wa kukuta watu ni wachache kuliko ilivyodhaniwa uliwahi kutokea mahali ambapo leo tunapatazama kama mfano wa utaratibu. Mwaka 1749 Uswidi, ambayo wakati huo iliitawala pia Ufini, ilianza kukusanya takwimu za watu wake wote kupitia wachungaji wa makanisa. Kila mchungaji alipewa jedwali la kujaza: waliozaliwa, waliofunga ndoa, waliofariki, umri wao na kilichowaua. Wakubwa wa nchi walitarajia kusikia kwamba taifa lao ni kubwa. Jumla ya Uswidi yenyewe ikaja chini ya milioni mbili. Walifadhaika kiasi cha kuifanya hesabu hiyo kuwa siri ya serikali, maadui wasije wakajua jinsi walivyo wachache.

Lakini majedwali yalikuwepo, na walioyasoma hawakuweza kujifanya hawajayaona. Mwaka 1751 tume ya afya ya nchi hiyo ilichukua safu moja tu, ya wanawake waliokufa wakijifungua, ikapata 651, na ikasema kwamba angalau 400 kati yao wangeokolewa kama wakunga wangekuwepo. Mwaka 1766 Pehr Wargentin, mtaalamu wa nyota aliyekuwa katibu wa chuo cha sayansi cha Stockholm, alitengeneza kutokana na majedwali hayo hesabu ya vifo kwa kila umri. Uswidi ya wakati ule ilikuwa nchi maskini, ambamo karibu mtoto mmoja katika kila watano alikufa kabla ya kutimiza mwaka. Wakunga walifunzwa na kupelekwa vijijini, parokia kwa parokia, kwa sababu mtu alikuwa amejua kwamba wanawake waliofariki ni 651 na hakusema ni maelfu yasiyohesabika.

Nililifikiria hilo nikiwa Kianda mbele ya mlango mmoja wa bati. Juu ya kizingiti palikuwa na namba tatu, kila moja kwa wino na mwandiko tofauti. Moja ilikuwa imefifia na kubaki kivuli cha kijivu. Ya pili ilikuwa ya kalamu nene nyeusi yenye herufi mbele. Ya tatu ilikuwa ya chaki ya buluu, imeandikwa upesi upesi, nusu yake imefutwa na mkono wa mtu anayefungua mlango kila siku. Kibera ni mtaa uliohesabiwa na wengi: sensa, mradi wa kujenga upya nyumba za Soweto Mashariki, watafiti wa magonjwa, waliopima barabara. Barabara ile ya kuunganisha Ngong na Lang'ata ilipopita katikati ya mtaa, Julai 2018, nyumba zilizokuwa na namba zilibomolewa pamoja na zisizokuwa nazo, na maelfu ya watu wakalala nje. Kwa hiyo mwenye mlango akiulizwa "mko wangapi ndani?" ana haki ya kuuliza kwanza, "kwa ajili gani?"

Lakini pia zipo hesabu zilizoacha kitu. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pamoja na wenzao wa Marekani waliwatembelea mara kwa mara watu wa Gatwekera na Soweto wapatao 25,000 na zaidi, wakiuliza nani ana homa, nani anakohoa, nani anaharisha, na wagonjwa wakatibiwa bila malipo katika kliniki ya Tabitha. Kliniki hiyo ina jina la Tabitha Atieno Festo, muuguzi wa hapa hapa aliyeanza na dola 26 alizopewa, akazifanyia biashara ya mboga, na faida yake akaanza kutibu watu chumbani mwake. Alifariki mwaka 2004. Ninapoulizwa na mgeni aone nini Kibera, namwelekeza kule kabla ya mahali pengine popote.

Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya Afrika, APHRC, kilifanya mwaka 2000 utafiti wa mitaa yote ya mabanda ya Nairobi. Kilipata kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, 151 walikufa kabla ya kufika miaka mitano. Mwaka 2012 kikarudia, idadi ikawa 80. Isome tena taratibu. Katika miaka kumi na miwili, karibu nusu ya vifo hivyo viliondoka, katika vyumba vile vile vya bati, kando ya mitaro ile ile. Chanjo zilifanya kazi yake, na dawa za virusi vya UKIMWI, na kliniki zilizofunguliwa vichochoroni. Baada ya utafiti huo, Juni 2013, kujifungua katika hospitali za umma kukawa bure, na baadaye Kibera Kusini kukawa na kituo cha afya chenye wodi ya uzazi wazi usiku na mchana. Themanini bado ni wengi mno. Lakini hatua hiyo ilipigwa na watu ambao bado wako hai, unaweza kuwapa mkono.

Mmoja wao ni mama anayeuza omena na mihogo ya kukaanga karibu na kituo cha matatu cha Ayany. Kaka yake alikuwa mwenyeji wangu, na alasiri moja mama huyo alinikaribisha kwake Kianda. Chumba ni kile kile cha Kibera, futi kumi kwa kumi. Pazia la maua linagawa kitanda na sebule. Sare mbili za shule zilining'inia kwenye misumari, zimepigwa pasi kama za askari. Chini yake mitungi miwili ya lita 20, na kwenye kona jiko la gesi la mtungi mdogo, masufuria yakiwa yamepangwa juu ya rafu kwa ukubwa, yote yaking'aa hadi ukutani. Alitengeneza chai ya maziwa, akakata mkate.

Nilimuuliza kuhusu nyumbani kwao Homa Bay. "Kwa mama tulizaliwa wanane, tukakua watano," alisema. "Mimi nimezaa wawili. Wote wako shule." Nikamuuliza kama atazaa mwingine. Alicheka, akanionyesha chumba kwa mkono wote. "Alale wapi, ndugu yangu? Na fee?" Kisha akaacha kucheka. "Lakini si nyumba peke yake. Mama alikuwa anazaa akijua mwingine anaweza kwenda. Mimi hawa nimeona wamevuka."

Katika maneno hayo mna utaalamu wote wa idadi ya watu. Kenya ilikuwa ya kwanza kusini mwa Sahara kuanzisha mpango wa kitaifa wa uzazi, mwaka 1967, na hata hivyo miaka ya 1970 ilipokuwa inamalizika mwanamke wa Kenya alikuwa bado anazaa kwa wastani watoto 8. Wataalamu waliitaja nchi hii kama mfano wa kutisha. Mwaka 1989 wastani ulikuwa 6.7, mwaka 1998 ukawa 4.7, na utafiti wa afya wa 2022 ukapata 3.4. Mandera bado ni zaidi ya 7. Nairobi ni 2.5, ya chini kabisa nchini. Mitaa ya mabanda ina watoto zaidi kuliko Nairobi kwa jumla: APHRC ilipata 4.0 mwaka 2000 na 3.5 mwaka 2012. Huku Kibra, gawanya watu kwa kaya, unapata watu 3 kwa kaya. Anayeambiwa kwamba mabanda yamejaa familia za watoto kumi aje ahesabu sare kwenye misumari.

Uswidi nayo, mwaka 1964, ilikuwa na wastani wa karibu watoto 2.5, sawa na Nairobi ya leo. Lakini kabla ya hapo, katika miaka ya 1930, iliwahi kuogopa kwamba watu wake watakwisha. Wakati ule familia nyingi za wafanyakazi mijini ziliishi kwenye chumba kimoja na jiko, watoto wakilala walipokula, na mwaka 1934 Alva na Gunnar Myrdal waliandika kitabu kizima juu ya tatizo la idadi ya watu, wakasema wazi kwamba nchi inayotaka watoto iwape wazazi nyumba, zahanati na chakula cha shuleni. Jambo lililonigusa ni kwamba swali la mama yule wa Kianda, "alale wapi?", ndilo lililokuwa mwanzo wa sera za Uswidi. Kule liliulizwa na wataalamu, likajibiwa kwa majengo. Huku Soweto Mashariki zilikabidhiwa nyumba 822 mwaka 2016, na bado linaulizwa.

Kufikia mwaka 2023 Uswidi ilikuwa imeshuka hadi 1.45 na Ufini 1.26. Hayo si mambo ya mbali kwa watu wa hapa. Kwenye kibanda cha chai cha Ayany nilikaa na msichana aliyekuwa na daftari la maneno ya Kifini, ameyapanga kwa safu: mkono, mgongo, maumivu, dawa, usiku mwema. Anataka kwenda kusomea uuguzi kule na kutunza wazee. Aliniuliza kama ni kweli kwamba kuna vijiji ambamo shule zimefungwa kwa kukosa watoto. Nilimwambia ni kweli. Alikaa kimya kidogo, akatazama watoto wa Ayany wakitoka shule na kujaa barabara nzima hadi makondakta wakaanza kupiga mabati ya magari, akasema, "Basi nitakuwa na kazi maisha yangu yote." Nilimtakia heri kwa moyo mmoja. Namtakia pia kwamba mwaka atakaotaka kurudi, awe na mahali pa kurudi ambapo ni zaidi ya futi kumi kwa kumi.

Na wazee wa Kibera wako wapi? Wengi wameondoka kwa miguu yao. Mtu hufanya kazi Nairobi miaka thelathini, akachoka, akafunga virago kwenda Siaya, Vihiga au Kitui alikojenga nyumba ndogo kwa akiba ya chama. Wengine wanaondoka wakiwa wamebebwa. Jioni za katikati ya wiki hema hufungwa kando ya barabara, spika zikawekwa, picha ya marehemu ikasimamishwa juu ya meza, na majirani wakachanga mpaka usiku ili basi la mazishi liondoke Alhamisi au Ijumaa. Nimehudhuria michango hiyo na sijaona ukarimu unaoishinda: mtu asiyekuwa na kodi ya mwezi anatoa shilingi 200 ili jirani wa kabila lingine akazikwe kwao. Hivyo ndivyo mtaa unavyobaki kijana. Unapokea watu wakiwa na miaka 19, na kuwarudisha kabla hawajawa wazee katika daftari za sensa.

Isipokuwa Makina. Wanubi hawana ushago mwingine. Makaburi yao yako hapa hapa Kibra, na ndiyo maana kwao utawakuta mabibi wa miaka 80 wamekaa barazani. Bibi mmoja, ambaye wote waliopita walimwamkia "shikamoo, haboba", yaani bibi kwa Kinubi, na kusimama mpaka ajibu, alinieleza kwamba wazazi wake na wazazi wa wazazi wake wamelala umbali wa kutembea kutoka kwenye mkeka wake. Wajukuu wake ni kizazi cha tano. Kwa muda mrefu sensa za Kenya ziliwatupa Wanubi katika fungu la Wakenya wengine wasiotajwa. Ni sensa ya 2009, ile ile iliyoipunguzia Kibera milioni yake, iliyowaandika kwa jina lao. Kwa wengi waliosoma matokeo, habari ilikuwa 170,070. Kwa haboba habari ilikuwa kwamba karani alimuuliza kabila, naye akajibu, na jibu likaandikwa kama alivyolitamka. Alinisimulia akinyoosha mgongo.

Jioni Ayany hugeuka. Wale wa asubuhi wanarudi kwa mawimbi, na kila wimbi linakuta kitu kwenye moto: samaki wa kukaanga, chapati, mutura, mahindi, maharagwe ya kupimwa kwa kikombe. Taa za vibanda zinawaka moja baada ya nyingine hadi Olympic. Watu wanasalimiana kwa majina ya watoto wao, Mama fulani, Baba fulani, na vijana wasio na watoto wanaitwa kwa majina ya vijiji vyao. Sijui mtaa mwingine wa Nairobi ambamo mgeni anaweza kula vizuri hivi, kwa bei hii, na kuulizwa kwa dhati ametoka wapi. Kawangware inakaribia, lakini watu wa Kawangware wana haraka zaidi.

Nilipokwenda kumuaga mama wa omena, nilimuuliza alihesabiwa wapi mwaka 2019. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 24 Agosti. Baa zilifungwa saa kumi na moja jioni na makarani wakatoka usiku na vishikwambi vyao. Yeye hakuwepo Kianda. Baadhi ya viongozi walikuwa wamewahimiza watu warudi kaunti zao, kwa kuwa idadi ya watu ilikuwa inaamua sehemu kubwa ya mgao wa fedha, naye alichukua wanawe wawili akapanda basi hadi Homa Bay. Wakahesabiwa kwa mama yake, katika nyumba ambayo hulala siku chache tu kwa mwaka.

"Choo ninachotumia kiko hapa," alisema akigeuza mihogo. "Maji nanunua hapa. Hawa shule yao iko hapa." Sensa ijayo inatarajiwa mwaka 2029, na mtoto wake mkubwa atakuwa amemaliza sekondari. Mama yake ameshaambiwa, kwa simu, kwamba mwaka huo asiwangoje Agosti. Watakwenda Desemba kama kawaida.